Kifurushi cha dhahabu na DNA: mali nzuri, mwongozo haulijui joto la Dar

Kifurushi hiki hupatikana kwa oda kupitia wauza vifaa vya maabara jijini. Ndani mna chembe za dhahabu za nanomita 13 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), aina mbili za nyuzi za DNA zenye salfa mwishoni, uzi wa tatu wa kuziunganisha, unga wa TCEP (kemikali ya kuzifungua salfa hizo), bafa ya fosfeti (kimiminika cha kudhibiti asidi) na chumvi. Salfa hushika dhahabu, kisha uzi wa tatu huzivuta chembe pamoja na wekundu hugeuka zambarau. Kundi la mkemia Mmarekani Chad Mirkin lilionyesha njia hii mwaka 1996.

Dhahabu yenyewe ni safi: kilele chake cha kumeza mwanga kipo karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520, panapostahili.

Chumvi ndiyo inayoharibu kazi. Chembe husukumana kwa chaji hasi, na DNA nayo ni hasi, hivyo bila chumvi nyuzi hazisongamani juu ya dhahabu. Ikimiminwa kwa pupa, dhahabu iliyo wazi hugandana moja kwa moja. Mwongozo unaagiza kufika molari 0.3 (molari ni kipimo cha ukolezi) kwa hatua mbili. Ni haraka mno. Changanya nyuzi mikromolari 3 na chembe nanomolari 10, acha usiku kucha, halafu kwa kila mililita moja ya mwanzo tia mikrolita 25 za chumvi ya molari 2, mara saba, ukipumzisha saa moja au mbili kila mara. TCEP iyeyushwe siku hiyohiyo, maana ndani ya bafa ya fosfeti haidumu.

Ukiona zambarau au buluu, pasha hadi nyuzijoto 65. Wekundu ukirudi, ni DNA iliyokuwa imeshikana. Usiporudi, dhahabu imegandana, mwaga uanze upya.

Mwongozo unasema "joto la chumba". Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar mwezi Februari hupita 30, na nyuzi fupi, kadiri joto linavyopanda, hushikana kwa udhaifu. Mtu atadhani kauziwa kitu kibovu. Tumia beseni la maji la nyuzijoto 20 hadi 25. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa. Ya kisima na hata ya chupa yana madini yatakayoiharibu dhahabu kabla DNA haijafika.

Bila sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili chembe zitue chini) ya 13,000 g, yaani mara 13,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, usinunue: nyuzi zisizoshika lazima zioshwe mara tatu, la sivyo zitainyang'anya dhahabu ule uzi wa tatu.

Unapoagiza, sisitiza chupa ya dhahabu isafirishwe ikiwa baridi tu, kama nyuzijoto 4. Ikiganda barafu, utapokea mashapo meusi.