Feni au chila? Uzoefu wangu wa kupoza tangi la matumbawe

Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200 lenye matumbawe, na nimelipoza kwa vifaa viwili: kwanza feni ndogo za kubana ukingoni, baadaye chila, yaani mashine ya kupoza maji yenye kompresa kama ya friji. Vyote bado vinafanya kazi nyumbani. Mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia feni, hata kama hela ya chila anayo mkononi. Majina ya watengenezaji nayaacha, maana vifaa vya aina hii vinafanana sana ndani hata kama nembo za nje zinatofautiana.

Tangi langu hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 26. Likigusa 28 mchana na kushuka usiku, sihangaiki. Likipita 29 na kung'ang'ania hapo, ndipo ninapoanza kulichungulia tumbawe langu la Euphyllia, kwa sababu ndilo husema mapema: minyiri inayopepea siku zote inanywea, nyama inarudi ndani mpaka unaona ukingo mweupe wa mifupa. Ndani ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaolilisha na kulipa sehemu kubwa ya rangi yake. Joto likizidi, tumbawe huwatimua, nalo hubaki jeupe na lenye njaa. Baharini, wataalamu wa NOAA, taasisi ya Marekani inayofuatilia bahari na hali ya hewa, huanza kuhesabu hatari maji yanapozidi kwa nyuzi 1 tu wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo. Nyuzi 1! Kwenye tangi, ambako samaki hana kina cha kukimbilia, ni bora uwe mkali zaidi.

Kabla ya kununua chochote, ondoa kifuniko cha kioo uweke wavu mwepesi, ili joto lipate pa kutokea na samaki wasiruke nje. Angalia pia pampu zako. Pampu inayozama hupasha maji yanayoizunguka, na taa za kizamani za metali halaidi ni jiko kamili juu ya tangi. Kuna watu walibadilisha taa tu wakaweka za LED, hadithi ikaishia hapo.

Sasa feni. Zangu ni mbili kwenye kibano kimoja, za volti 12, na zote pamoja hazili hata wati 10. Nimezielekeza zipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji, mahali pampu inapotibua mawimbi madogo. Siku ya kwanza chumba kilikuwa nyuzi 31, maji 29.4. Kufikia jioni maji yalisoma 26.8, yaani baridi kuliko chumba chenyewe. Wengi hawaamini hapo, kwa sababu wanadhani feni inapoza kwa kuleta hewa baridi. Hakuna hewa baridi. Maji yanapoza kwa kugeuka mvuke, kama jasho linavyofanya mwilini. Lita 1 ikiondoka kwa mvuke hubeba nishati ya kama kilojuli 2,400. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni karibu nyuzi 3, kama joto lote lingetoka kwenye maji na chumba kisirudishe chochote. Chumba hurudisha, bila shaka, ndiyo maana tangi halishuki bila kikomo.

Na hapo ndipo penye gharama ambayo boksi la feni halikuitaja hata kwa herufi ndogo. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Tangi langu kwenye joto kali hupoteza kama lita 3 kwa siku. Ukiacha siku tano bila kujaza, chumvi ya gramu 35 kwa kilo inakaribia 38, na kamba na konokono wataanza kudhoofika kabla hujajua kwa nini. Unajaza maji matamu yaliyochujwa, kamwe si maji ya chumvi. Kwa mkono inawezekana, lakini inachosha, na kumimina lita 3 kwa mpigo mmoja si fadhila kwa matumbawe. Kwa hiyo feni bei yake halisi ni feni pamoja na swichi ya boya, pampu ndogo na ndoo ya akiba, vya kujaza maji matamu vyenyewe kidogo kidogo. Hata ukijumlisha hivyo vyote, bado hujafika popote karibu na bei ya chila.

Malalamiko yangu kwenye feni ni mawili. La kwanza ni chumvi: matone yanayoruka hukauka kwenye mabawa, ukoko mweupe unajijenga, na feni inaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Kitambaa chenye maji matamu kinatosha ukiwahi. Ukichelewa, chumvi inakula beringi na hakuna cha kurekebisha. La pili linahusu kidhibiti joto kilichouzwa pamoja nazo. Kitambuzi chake kimeshikiliwa na kikombe cha mpira cha kunyonya kioo, na kile kikombe kilikauka, kikaachia, kitambuzi kikabaki kinaning'inia hewani. Hewa ilikuwa na joto, kwa hiyo feni zikapuliza usiku kucha huku maji yakishuka hadi 24 na hita ikiwaka kuyapandisha. Feni zinapoza, hita inapasha, na mita ya umeme inawacheka wote wawili. Sasa kitambuzi kimebanwa kwa kibanio cha plastiki, na sitanunua tena kidhibiti cha kikombe cha mpira.

Chila niliitafuta kwa sababu ya unyevu. Hewa ikishashiba mvuke, maji hayana pa kwenda. Feni zinapuliza kwa bidii zote, kipimajoto kinabaki palepale kwenye 28.9, na chumba kinazidi kuwa kizito. Hilo halitibiki kwa kuongeza feni ya tatu wala ya nne.

Yangu ni ya sehemu moja ya kumi ya nguvu-farasi, ndogo kabisa katika safu yake. Maji yanaingia kwa pampu, yanapita kwenye koili ya titani, yanarudi yakiwa baridi. Hakikisha ni titani kweli, kwani shaba ni sumu kwa matumbawe na kamba. Kazi yake sina la kulaumu: naiambia 26, inanipa 26, iwe mvua iwe jua. Inawaka maji yakizidi kidogo, inashusha, inazima. Hita nimeiweka chini kwa zaidi ya nyuzi 1 ili zisigombane.

Lakini joto halijapotea, limehamishwa tu. Linatoka nyuma ya mashine likiwa upepo wa moto, pamoja na joto la kompresa yenyewe. Muuzaji alinishauri niifiche kwenye kabati chini ya tangi, na huo ni ushauri wa mtu asiyelala karibu na tangi. Ndani ya kabati iliyofungwa chila inavuta hewa yake yenyewe ya moto, inazunguka bila kupumzika, na kabati inakuwa tanuri chini ya maji unayotaka kuyapoza. Yangu iko pembeni mwa dirisha, mipira ya kupitisha maji ni mirefu kidogo, na mlio wake ni wa friji ya zamani. Umeme inakula zaidi ya mara kumi ya feni inapowaka. Chujio la vumbi usilisahau, na ukiihamisha iache imesimama wima kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Vile vipoza vidogo visivyo na kompresa, vinavyotumia kibao cha umeme chenye upande wa moto na upande wa baridi, vinafaa tangi la lita 20, si la 200. Chupa za maji yaliyogandishwa ni za dharura tu, maana zinapandisha na kushusha joto kama lifti. Barafu tupu majini usitie kabisa, inapunguza chumvi.

Siku hizi feni zinaanza kwenye 26.5, na chila nimeipandisha, inaingia kwenye 27.5 zikishindwa. Kwa mpangilio huo chila inalala siku nyingi, na nadhani ndivyo itakavyodumu.

Jambo la mwisho lililonifanya nisiziuze feni ni umeme kukatika. Chila bila umeme wa ukutani ni boksi tu. Feni za volti 12 zinaunganishwa kwenye betri na kuendelea kupuliza. Lakini betri ikiwa ndogo, ipe kwanza pampu ya hewa. Maji ya bahari kwenye nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita, na kwenye 30 hubaki karibu 6.2, wakati samaki kwenye joto wanahitaji oksijeni zaidi. Ukiwaona wamepanda juu wanahema kwa kasi, hawangoji maji yapoe, wanangoja mapovu.