Kozi ya jioni ya Kiingereza Mwenge, mwishowe "used to" nimeielewa

Jamani nimemaliza mwezi kwenye kozi ya jioni ya Kiingereza huku Mwenge, elfu 40, na kwakweli hela yangu imeenda kihalali. Mi miaka yote nilikuwa nachanganya "I used to" na "I am used to", hadi kwenye barua ya kazi nikaandika "I used to work under pressure" nikijua nasema nimezoea kazi za presha, kumbe nawaambia zamani nilikuwa nazifanya na sasa nimeacha! Iliniuma sana nilipokuja kujua.

Ticha alichofanya ni kuturudisha kwenye Kiswahili kwanza, akaandika ubaoni "nilikuwa nafanya" upande huu na "nimezoea" upande ule, basi mambo yakakaa. "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi wapi, ila "I am used to waking up early" ushazoea, na hapo kitenzi lazima kiishie na -ing. Halafu kwenye swali ile d inadondoka, "did you use to", shule sijawahi kuambiwa hii. Kutamka ni kama "yustu", d haisikiki kabisa.

Kasoro zipo. Watu 30 feni moja, notsi za fotokopi zimefifia mpaka unakisia maneno, na kuongea mnapewa dakika kumi za mwisho wakati watu washachoka wanawahi daladala. Wapunguze wanafunzi. Ila yule ticha wasimwachie aondoke, anafundisha kwa moyo.