Tableti ya peni kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kagueni peni kwanza

Wazazi wengi hapa Moshi naona wanauliza wamnunulie tableti gani mtoto ambae mkono haumtii, basi naandika kuhusu Samsung Galaxy Tab S6 Lite anayotumia mdogo wangu, yuko form two na ana mtindio wa ubongo. Mimi nasema nunueni, ila mkifika dukani msianze kuulizia GB wala kamera, anzeni na peni.

Ishu ni kwamba kuna peni za ncha ya mpira zimejaa madukani, kioo kinazichukulia kama kidole tu, sasa mtoto ambae lazima aegemeze mkono mzima ndo aandike akiweka kiganja mistari inatokea hovyo, ukurasa unaruka, mpaka anakata tamaa. Sisi duka moja walituuzia hiyo na kutuapia kwamba ni orijino. Peni ya S6 Lite ni habari nyingine kabisa, ndani ina koili, kioo kinaihisi kwa sumaku hata kabla haijagusa, unaona kidoti kinatembea wakati mtoto analenga, na haichajiwi. Kwenye Samsung Notes, app yake ya kuandikia, unaseti peni peke yake ndo iandike, hapo hata akilaza mkono mpaka kiwiko hamna kinachochoreka.

Kuna watakaosema si aongee tu iandike yenyewe. Gboard, kibodi ya Google, inasikia Kiswahili tangu 2017 na inawasaidia wengi sana, ila huyu maneno hayamtoki vizuri, sisi wa nyumbani tunamuelewa, mashine haimuelewi. Kibodi nayo kwenye historia anabonyeza taratibu anamaliza, hesabu je? Sehemu, vipeo, pembetatu yenye herufi kila kona, utabonyeza wapi? Hapo peni ndo inajilipa jamani. Anakuza ukurasa, anaandika namba kubwa anavyotaka, akiurudisha zinakaa kwenye mstari kama za wenzie, akikosea anafuta na hakuna karatasi inayochanika. Ticha wake wa hesabu siku hizi anamsahihishia njia yote hatua kwa hatua, zamani alikua anaambulia jibu la mwisho tu kwa sababu juu hapasomeki. Nilifurahi mno.

Peni yenyewe ni nyembamba kwa mkono uliokakamaa. Mama alikata kipande cha kandambili akakitoboa katikati akaipitisha humo, ikawa nene kama gunzi, anaishika vizuri. Pale penye kitufe mkate kashimo, vidole visikifikie, maana ukikibana huku unaandika peni inageuka kifutio. Mkiwa na kliniki ya mazoezi hospitali ya KCMC nendeni nayo, wamuone mtoto anavyoishika.

Chaji haisumbui, betri ni 7,040 mAh, umeme ukikatika jioni anamalizia homuweki. Kwenye setingi za Accessibility kuna sehemu ya kupuuza miguso inayojirudia, iwasheni kwa ajili ya vidole vinavyotetemeka.

Mkichukua used ulizeni peni kabla hamjapatana bei, nyingi zinakuja bila. Halafu hapohapo dukani fungueni Samsung Notes, mtoto alaze mkono mzima kwenye kioo aandike jina lake, na muuzaji akileta longolongo kwenye hilo hameni duka.