The Witch (2015): usiiangalie ukiwa na usingizi

Nilikuwa naikwepa hii muvi ya kutisha maana mshkaji aliniambia inaboa. Haiboi bhana, ila inaiva taratibu kama maharage ya mkaa, kwahiyo kama unataka kurushwa kwenye kochi kila dakika tano hii sio yako. Dakika 90 na kidogo tu.

Ni miaka ya 1630 huko New England, makoloni ya Waingereza kule Marekani. Baba mmoja Mpuritani (Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali), William, mlokole wa kupitiliza, anabishana dini na wenzake mpaka wanamtimua kijijini, anabeba mke na watoto anaenda kuanza shamba pembeni ya msitu. Mahindi yanaoza. Halafu binti mkubwa Thomasin (Anya Taylor-Joy, hapo bado hajulikani kabisa) anamchezesha mdogo wake mchanga, anajifunika uso, anafunua, mtoto anacheka, anafunika tena, akifunua mtoto hayupo. Hakuna mziki wa kukushtua, ni shuka tu na nyasi. Mi nilirudisha nyuma niangalie vizuri.

Ila kilichonitisha zaidi sio mchawi, ni kikombe. Mama anatafuta kikombe chake cha fedha na anamkazia Thomasin kwamba kakipoteza, kumbe baba ndo kauza kimyakimya akanunua mitego, na anamwacha binti asemwe wakati ukweli anaujua, na Caleb, mdogo wake Thomasin, naye anajua. Kuanzia hapo ndo unaona jinsi mtoto wa kike anavyotengenezwa mchawi ndani ya nyumba yake mwenyewe, neno moja moja, na sisi huku hiyo tunaijua sana. Baba kila akishindwa jambo anaenda kupasua kuni. Rundo linakua, chakula hakuna.

Robert Eggers ndo muvi yake ndefu ya kwanza hii na alishinda tuzo ya uongozaji pale Sundance, tamasha la filamu la Marekani. Ndani ya kibanda ni mishumaa, giza kwelikweli, kwahiyo usiangalie kwa simu mchana. Kiingereza chao ni cha kizamani, weka sabutaito usione aibu.

Halafu kuna Black Phillip, beberu mweusi, namaanisha mbuzi sio wale wa kwenye hotuba. Lile lijamaa linakuangalia tu, basi.

Dakika za mwisho mi naona wameonyesha sana, wangetuacha na wasiwasi wetu. Nane kwa kumi, nyingine nimekata kwa sababu ya wale mapacha, wadogo zake Thomasin, jamani wale watoto wana kelele.