Gari ya rimoti ya laki tatu kwenye vilima vya Chake

Niseme kweli tangu mwanzo: mpwa wangu alikuwa kisingizio. Aliyetaka gari ni mie. Nimekulia Pemba enzi za gari za kopo la maziwa, magurudumu tunayakata kwenye malapa yaliyokwisha, unaisukuma kwa kijiti kirefu huku unakimbia na mngurumo unautia kwa mdomo. Sasa nina miaka 40 na mshahara, mpwa ana miaka 11, na dada yangu alipouliza mtoto nitamnunulia nini Sikukuu, jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza.

Bajeti yangu ilikuwa 350,000, kila kitu humo humo: gari, usafiri, betri ya akiba. Nilitaka ya umeme. Zile za mafuta zinatumia mafuta yake maalumu ambayo huku huyapati, na kwa kelele zake majirani wangenihamisha mtaa. Na nilitaka inayoweza njia mbovu, maana nyuma ya nyumba yetu pale Chake Chake hakuna lami: ni udongo mwekundu, mizizi, vifuu vya nazi na mteremko unaoishia bondeni kwenye mpunga wa watu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapata hasara mara moja. Sikukuu iliyotangulia nilimnunulia ile ya dukani ya 35,000, taa nyingi, muziki mwingi. Usukani wake hauna kati: ama kushoto kabisa, ama kulia kabisa. Tukaipeleka kiwanja cha kufurahishia watoto Tibirinzi, kumbe na mtoto mwengine kaja na yake, zote mbili za mawimbi ya 27 MHz. Yule akibonyeza, inakwenda yetu. Wetu akibonyeza, ya mwenzake inajibamiza ukutani. Ilibaki kidogo wakamatane mashati. Wiki ya pili ikazima moja kwa moja. Nilipoifungua nikakuta kibao kimoja kimebeba risiva (kinachopokea mawimbi ya rimoti), usukani na mwendo, na hakuna hata waya mmoja unaoweza kuuchomoa ukaweka mwengine. Ndipo nikajua cha kutafuta safari ya pili: rimoti ya 2.4 GHz, ambayo inajuana na gari yake tu hata zikiwa kumi uwanjani, na gari ambayo kila kipande chake kinauzwa peke yake.

Hili la pili ndilo nililolichukulia mzaha. Macho yangu yalikuwa kwenye mwendo. Maduka ya mtandaoni nayo yanajua hivyo, yanaandika "60 km/h" kwa herufi kubwa kuliko jina la gari. Nami nikavutika, bila kupiga hesabu ndogo tu: kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, na uwanja wetu kutoka mnazi hadi ukuta wa jirani haufiki mita 30. Hata ingekimbia hivyo, ningekuwa na sekunde mbili za starehe halafu gharama.

Nilizitazama nyengine pia. Traxxas Slash niliitamani sana: saizi ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari ya kweli, umeme wake umekingwa na maji, na tangu ilipotoka 2008 spea zake zimeenea. Lakini bei yake peke yake ilishapita bajeti yangu kabla haijapanda hata boti. Halafu nikaiona Tamiya Grasshopper, ile buggy (kigari chepesi cha njia mbovu) ya 1984 iliyotolewa tena 2005, na bei yake ikanichekesha kwa furaha. Nikasoma vizuri: inakuja vipande vipande sandukuni, unaiunga mwenyewe, na rimoti, risiva, sevo (kimota kinachogeuza usukani), betri na chaja ni juu yako. Ukishajumlisha, ule urahisi umeyeyuka. Kwa anayependa kuunga ni raha tupu, ila mimi nilikuwa na mtoto anayehesabu siku za Sikukuu kwa vidole.

Nikaishia kwenye buggy ya Kichina ya 1/14: inavuta magurudumu yote manne, chesisi ya alumini, mota ya kaboni (yenye vipande vya kaboni ndani vinavyolika kwa kusuguana) saizi 550, betri ya lipo, aina ya lithiamu, ya volti 7.4 na chaji ya mAh 1,500. Nembo siitaji, kwa sababu zinafanana kama mapacha na lawama yangu kubwa ni kwa muuzaji. Hadi mkononi mwangu ilinitoka 305,000, ikiwemo wakala wa Dar, boti ya Unguja, kisha boti ya Mkoani. Weka akilini safari hiyo: hata skrubu moja ikipotea, inavuka maji mara mbili.

Mota ya kaboni niliichagua kwa makusudi, na hapo sijuti. Zile zisizo na kaboni zina nguvu zaidi na hazina kinacholika ndani, lakini kidhibiti mwendo chake ni ghali, na nguvu ile ikishuka kwenye gia za plastiki na shafti nyembamba, utakuwa unanunua gia kama unavyonunua mkate. Mota za 540 na 550 zina upana mmoja, 550 ni ndefu kidogo tu, kwa hiyo ikifa hutafuti pacha wake. Zile 380 na 390 za gari ndogo ni nyembamba, mota kubwa hazikai mahali pake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Usukani unatii kwa kadiri ya kidole, ukigusa kidogo inakata kidogo. Shokapu zake zina mafuta kweli, ikiruka tuta inatua kama paka. Mpwa wangu alipewa dakika nne, nyengine zote nilikuwa "naijaribu".

Siku ya tatu ikaingia kwenye karafuu.

Ulikuwa msimu, na bibi wa jirani kaanika majamvi yake matatu pembeni ya njia. Nilikuwa nashuka nayo kilima, nikadhani nimeachia kitufe cha mwendo kumbe nimekibana. Ikapita jamvi la kwanza katikati, karafuu zikaruka kama mvua, ikageukia la pili na kukwama humo humo huku magurudumu yanazunguka na kuchanganya karafuu na udongo. Bibi akasimama barazani, mikono kiunoni. "Mwanangu, Shirika la Biashara wananunua karafuu, hawanunui mchanga. Shikamana na mpwao mkae hapo mzichambue." Tukakaa. Saa mbili na nusu, mimi na mtoto, tunatenga karafuu na vijiwe kimoja kimoja. Jioni nikafungua gari: makonyo, vile vijiti vya karafuu, yamejisokota kwenye shafti ya nyuma, gia kubwa imelika meno matatu. Inanukia vizuri hadi leo, hilo siwezi kukana.

Gia hiyo ndiyo iliyonifundisha gari niliyonunua ni ipi hasa. Ni ya plastiki, na imewekwa iwe dhaifu makusudi ili ife yenyewe badala ya mota. Haki kabisa. Tatizo, muuzaji hana, wa Unguja hana, na kuiagiza ni siku 34. Kipande cha 9,000 kilinigharimu 21,000 pamoja na usafiri, na gari ikalala juu ya kabati zaidi ya mwezi. Nilipoagiza tena nikaagiza nne. Na nikajifunza kuipanga: unabana kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, unakaza skrubu, kisha unaichomoa karatasi. Ikitoka imekunjwa bila kuchanika, nafasi iko sawa. Skrubu zinazoingia kwenye chuma zinalegea kwa mtetemo. Dawa yake nilimwomba mke wangu rangi ya kucha, tone moja tu kwenye uzi wa skrubu. Inashika, na ukitaka kufungua inaachia. Ila sasa gari yangu ina skrubu za waridi.

Upande wa ardhi, 1/14 ni ndogo kuliko inavyoonekana pichani. Kijiwe cha sentimita 3 kwa gari hii ni sawa na jiwe la sentimita 42 mbele ya gari ya kweli. Kwenye udongo mkavu na kwenye lami inaruka vizuri. Kwenye nyasi ndefu inabaki tumbo juu ya nyasi, magurudumu hewani. Vuli ilipoanza, ule udongo mwekundu ulijaza tairi zikawa kama maandazi, lakini hapo magurudumu manne yalijitetea: kilima ambacho ya jirani yenye kuvuta nyuma tu ilishindwa, yangu ilipanda kwa kuguguna. Kwa upande mwengine, ile ya jirani haina difu ya mbele wala shafti ya mbele, na mwaka huu haijavunjika kitu.

Pwani msiende nayo. Au nendeni mkijua. Nilikwenda Vitongoji maji yamekupwa, mchanga mgumu umelala kama zulia, nikasema hapa ndipo. Dakika kumi za raha kuliko zote. Sikugusa maji, nilipita tu penye unyevunyevu. Nyumbani nikaipangusa kwa kitambaa nikaona yatosha. Baada ya siku tano beringi mbili za mbele zimeganda kwa kutu na mota ina mlio wa kusaga, maana ina matundu ya kupozea na mchanga mwembamba ulishaingia humo. Beringi nilizifufua kwa mafuta ya cherehani, moja ikafa baadaye. Mota nikaibadilisha, 24,000.

Sasa betri. Ile ya akiba niliilipia pamoja na gari, 40,000, haikufika. Muuzaji akaja kuniambia baadaye kwamba betri za lithiamu zikisafiri peke yake wasafirishaji wa ndege wana masharti, wakala kaikataa. Masharti hayo ni ya kweli na yana sababu. Ninachomlaumu ni kupokea hela akiwa anayajua, na kunirudishia baada ya wiki sita na simu zisizohesabika. Njia niliyoipata ni binamu yangu wa Maskati. Betri ya akiba ya lithiamu inatakiwa ipande na abiria kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloshuka chini, na yangu ni volti 7.4 mara Ah 1.5 (ndiyo zile mAh 1,500), yaani Wh (wati-saa) 11.1 tu, mbali na kikomo cha Wh 100. Azifunike ncha kwa tepu zisigusane, basi.

Na hii lipo isikuchezee. Ikijaa ni volti 8.4, isishuke chini ya 6.4, ukiona gari inavuta miguu simama, usiseme "dakika moja tena". Mpwa wangu alisema dakika moja tena. Betri ikavimba kidogo kama kaimati, na lipo iliyovimba haitumiki tena, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga mbali na nyumba. Chaji nafanyia ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu ya saruji, nami nipo, sifanyi usiku nimelala. Ile chaja ndogo ya USB inayokuja sandukuni ni karibu saa tatu za kungoja kwa dakika kumi za kucheza. Kama gari unayoiangalia inakubali betri za nikeli, kwa mtoto zichukue hizo. Ni nzito, mwendo unapungua, lakini zinasamehe.

Kama ningekuwa na zile 350,000 leo, ningeanza kwenye ukurasa wa spea, si kwenye picha ya gari. Ningetafuta mikono ya mbele inayoshika magurudumu, gia kubwa, shafti na sevo. Kimojawapo kikikosekana, nafunga ukurasa. Kwenye sevo ningetazama waya: ikiwa na waya tatu unaweza kuweka yoyote ya saizi hiyo, zile za waya tano zimefungwa na kibao chake, ikifa umerudi kwenye gari ya Tibirinzi. Ningechukua ya kuvuta nyuma tu, tairi kubwa, ya polepole, hata kilomita 30 kwa saa. Na 80,000 ningeiweka pembeni isiguswe, ya gia, mikono na beringi, niagize siku ile ile ninayoagiza gari, mzigo mmoja, safari moja.

Lakini gari niliyonayo siiuzi. Bampa ya mbele nimeikata kwenye soli ya lapa, imepunguza sana kuvunjika kwa mikono, na ile bodi iliyopasuka nimeishona kwa ndani kwa neti ya jipsamu na gundi ya viatu. Nyota tatu kwa gari, moja kwa muuzaji. Binamu anafika wiki mbili kabla ya Sikukuu na betri mbili mkobani. Bibi wa jirani ameshauliza tarehe, ili ajue siku ya kuanua majamvi.