Nimelipia tena tiketi ya msimu mzima ya tamthilia za kale, hivi ndo nilivyoiona

Kuna watu kama watatu wameniuliza ile tiketi ya msimu ya kampuni ya tamthilia za kale inalipa au ni kutupa hela, na kila nikimjibu mtu kwa meseji najikuta nimeandika gazeti, sasa bora niimwage yote hapa mara moja. Jina la kampuni nalibana maana kuna sehemu nitawasema. Na wala sio ishu sana, hizi kampuni zinafanana: wanachagua tamthilia tano za zamani, wanazitandaza kwenye miezi ya msimu, wanatoa kijitabu chenye mapicha makali ya watu wamekunja sura, alafu wanakuuzia zote kwa mkupuo kwa bei ya chini kabla tiketi za moja moja hazijaanza kuuzwa.

Msimu ujao tano zenyewe ni hizi: Antigone ya Sophocles, Macbeth ya Shakespeare, Tartuffe ya Molière, ile ya Ibsen ambayo Nora anamuacha mume na watoto anafunga mlango anaondoka, na wanafungia na Chekhov, ile ya bustani ya miti ya cheri.

Nianze na mwaka jana maana ndo ulionifundisha. Mimi nilinunua kwa ajili ya Hamlet tu, nisidanganye. Nikapiga hesabu nikaona Hamlet na nyingine moja nayoitaka tayari zimekaribia bei ya msimu wote, nikasema basi hizo tatu zingine ni za bure, nikienda sawa nisipoenda sawa. Hamlet yenyewe ikanitia adabu. Kijitabu hakikusema inachukua muda gani, na mimi sikujiuliza, kumbe ndo tamthilia ndefu kuliko zote za Shakespeare, ukiicheza nzima bila kukata kitu ni kama masaa manne. Hawa walikata kidogo ikawa masaa matatu na nusu, mapumziko mara moja tu. Nimetoka pale usafiri wa mwisho umeshaondoka zamani. Yaani Hamlet anakufa mimi nimeshika simu chini ya koti naangalia saa, dhambi kabisa, lakini ndo ukweli.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichotafuta kwenye kijitabu cha msimu huu ni muda. Safari hii wameandika, isipokuwa ya Ibsen na ya Chekhov bado. Macbeth wamesema bila mapumziko, na inaingia akilini kwa sababu ndo fupi kuliko tanzia zote za Shakespeare, yaani zile tamthilia zake za huzuni, mistari yake imezidi kidogo tu nusu ya Hamlet, na ukiweka mapumziko katikati unapoza ile kasi, yule jamaa anaua alafu anaua tena ili kufunika alichoua, hutaki watu watoke wakanywe soda hapo. Antigone nayo bila mapumziko. Na hapa sikiliza vizuri kama wewe ni mtu wa kuchelewa kama mimi: mlango ukifungwa umefungwa. Mwaka jana nilichelewa dakika nane, nikawekwa kwenye korido naangalia kwenye tivii ndogo isiyo na sauti ya maana mpaka mapumziko. Ile ilikuwa na mapumziko. Kwenye Antigone maana yake utaangalia korido mpaka mwisho urudi kwako. Tartuffe ndo salama ya wachelewaji haha, Tartuffe mwenyewe haonekani mpaka sehemu ya tatu, sehemu mbili nzima watu wanamzungumzia tu, huyu anamsifia yule anamlaani, kwahiyo hata ukiingia umechelewa mhusika mkuu bado hajafika.

Sasa niseme kitu kilichonifanya nilipe tena, maana sio Hamlet.

Katikati ya msimu uliopita walikuwa na ya Gogol, ile ya mkaguzi wa serikali. Mimi sikuitaka. Nilijua kidogo tu kwamba ni ya Urusi, imechezwa mara ya kwanza 1836, Tsar mwenyewe alikuwepo ukumbini, na ni vichekesho kuhusu maofisa wala rushwa wa mji mdogo wanaosikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamshika kijana mmoja muongo muongo asiye na hela wanadhani ndo yeye, wanaanza kumjaza pesa mfukoni wanaita mkopo. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikamuandikia dada yangu mkubwa kama anaitaka hiyo tiketi aichukue, akajibu "we nenda, umeshalipa, acha uvivu". Nikaenda kwa shingo upande.

Watu tulicheka mpaka aibu. Alafu mwishoni pale, kijana ameshaondoka na hela zao, barua yake imefunguliwa wamejua wametapeliwa, meya anageukia ukumbini anatuuliza mnacheka nini, mnajicheka wenyewe. Hapo hapo anaingia askari anasema mkaguzi wa kweli kafika, na wote jukwaani wanaganda. Gogol ameandika kabisa kwamba wagande karibu dakika moja na nusu. Sikujua. Dairekta huyu aliifuata vilevile. Mwanzoni tukapiga makofi tukidhani imeisha, makofi yakafa yenyewe maana hakuna aliyeinama kushukuru, watu wakacheka tena kidogo, mtu akakohoa, alafu kimya. Meya mikono imebaki hewani kama msalaba. Unaanza kuangalia wanapumua au hawapumui. Unaanza kuangalia majirani zako. Dakika moja na nusu ukumbini ni ndefu jamani, jaribu hata sasa hivi ukae kimya uhesabu. Taa zilipozimwa hakuna mtu alijua kama ndo apige makofi au la.

Ile tiketi nisingeinunua peke yake hata kwa nusu bei. Ndo maana mimi nikiulizwa kama inalipa sijibu kwa kupiga hesabu ya punguzo, punguzo lipo ndio, ila ukitaka kuchagua unachokijua tayari basi nunua moja moja tu, usijisumbue. Msimu unakulazimisha ukae mbele ya kitu ambacho ungekipita.

Haya, malalamiko. La kwanza siti. Ukinunua msimu unapewa siti moja ileile kwa tamthilia zote, na ramani ya siti kwenye tovuti inaonyesha viboksi tu, haionyeshi nguzo. Mimi nilipata nguzo. Sio kubwa lakini imekata jukwaa pembeni kushoto, na bahati yangu kila kitu cha maana kilikuwa kinatokea kushoto. Nikapiga ofisi ya tiketi nikasema "samahani dada, hii siti yangu ina nguzo", akacheka, akasema "pole, hiyo siti inajulikana". Inajulikana! Sasa mbona mnaiuza bila kusema? Lakini alinihamisha palepale bila kuniongezea hela, na hilo nampa maua yake. Kwahiyo kabla hujalipa piga simu uliza siti fulani inaona jukwaa lote au la, usiamini viboksi.

La pili ni kubadilisha siku. Wanaruhusu, ila mara moja tu kwa kila tiketi na lazima uwaambie siku moja kabla, na apu yao ukibonyeza kubadilisha inazunguka zunguka tu. Nimeishia kupiga simu kila mara. Dada wa tiketi sasa ananijua sauti.

La tatu ndo linaniuma zaidi maana linahusu sanaa yenyewe. Mwaka jana tanzia yao ya Kigiriki waliipa korasi, lile kundi linaloimba na kuongea kwa pamoja, ya watu watatu. Watatu wenye maikrofoni, wamesimama pembeni kama watangazaji wa mpira. Enzi za Sophocles korasi ilikuwa watu 15, wanaimba na kucheza, wahusika wote waliobaki wanabebwa na waigizaji watatu tu wanaobadilisha vinyago. Naelewa kulipa mishahara ya watu 15 sio mchezo, lakini korasi ndo mji wenyewe, kwenye Antigone ndo wale wazee wanaomuangalia mfalme Kreon akikataza maiti ya Polynices, kaka yake Antigone, isizikwe, wanajua anakosea na wanasita kumwambia. Ukiwaweka watatu na maikrofoni unapata matangazo, hupati mji. Kwenye kijitabu cha msimu huu picha ya Antigone ina watu kama kumi hivi nyuma yake wamevaa nguo za kawaida. Nimeihesabu hiyo picha mara mbili. Natumaini hawakuwekwa kwa ajili ya picha tu.

Tartuffe naisubiri kwa sababu nyingine kabisa, mashairi. Molière aliiandika yote kwa vina, kila mshororo mizani 12, umekatwa katikati sita kwa sita, kwahiyo mtu aliyezoea shairi letu la nane kwa nane anaelewa haraka raha yake iko wapi, ubishi mzima wa mume na mke unaenda kwa vina na unachekesha zaidi kwa sababu hiyo. Ukiitoa kwenye vina ukaweka maneno ya kawaida bado kisa ni kizuri ila ladha nusu imeondoka. Kijitabu kimeandika "tafsiri mpya" basi, hawasemi ni ya vina au sio. Nimewauliza, bado hawajajibu. Na kisa chenyewe mnakijua hata kama hamkijui, mcha Mungu wa uongo anahamia kwenye nyumba ya mtu, anamteka akili baba mwenye nyumba mpaka anaandikiwa mali, mke anamwambia mume ingia chini ya meza usikie mwenyewe huyu mtakatifu wako anavyonitongoza. Ilichezwa mbele ya mfalme Louis wa 14 huko Versailles 1664 ikapigwa marufuku, Askofu Mkuu wa Paris akatishia kuwatenga na kanisa wanaoitazama na hata wanaoisoma, mpaka 1669 ndo ikaruhusiwa. Miaka mitano. Waliojiona mle walikuwa wengi nadhani.

Kwa Macbeth ushauri wangu soma kwanza, hasa kama Kiingereza cha miaka ile kinakupita pembeni. Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili 1968, ukiipata maktaba usiiachie. Mwaka jana Hamlet nilienda bila kusoma, robo saa ya kwanza yote nilikuwa natafuta nani ni nani. Na usilitaje jina la Macbeth kwa sauti ukiwa ndani ya jengo, waigizaji wanaamini ni mkosi, wanaiita "ile ya Uskoti". Mimi nililitaja kwenye foleni nikinunua kijitabu, mzee anayekata tiketi mlangoni akaniangalia kama nimetukana. Nikamwambia samahani mzee. Akasema "usiniombe mimi msamaha, kawaombe wao wanaopanda jukwaani".

Ya Ibsen sina mengi, nimeiona mara mbili sehemu zingine, ni nzuri, mlango ukifungwa unasikia mgongoni. Naenda kuona tu huyu Nora wao.

Ya Chekhov ndo nahisi itakuwa Gogol yangu ya msimu huu, maana ndo siitaki. Nilijaribu kuisoma nikalala. Watu wanaongea, shamba linapigwa mnada, hakuna anayefanya chochote, shamba linauzwa. Lakini nimegundua kitu kwenye kijitabu: Chekhov mwenyewe alisisitiza ni komedi, Stanislavski alipoiongoza Moscow Januari 1904 akaifanya ya majonzi, Chekhov akachukia sana na mwaka huohuo Julai akafa. Tangu hapo kila dairekta lazima achague upande. Sasa picha waliyoweka hawa ni mama amekaa kwenye sanduku analia. Nikajua hapa washachagua Stanislavski. Ila ukiangalia vizuri nyuma ya huyo mama kuna jamaa ameanguka na kiti, miguu juu. Sijui tuamini ipi.

Nimeshalipa. Safu ya saba, upande wa kulia, nimeuliza nguzo mara mbili. Antigone na Macbeth nimechagua za mchana wikiendi ili usafiri usinichezee tena. Dada yangu naye kanunua msimu safari hii, siti ya jirani, ila kaniambia ya Chekhov hatoi ahadi. Nikamjibu "we nenda, umeshalipa, acha uvivu". Hajajibu mpaka sasa.