Diamox kwa mtoto mwenye presha ya kichwa: uzoefu wangu

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya uchungu wa kidonge na tabu ya kukipata.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akiamka na kichwa kinauma, anatapika, malaria hana. Tukapewa miwani. Alipoanza kuona walimu wawili ubaoni, daktari wa macho akamtia matone ya kupanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho: mshipa wa fahamu umevimba, kulia na kushoto. MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, haikukuta uvimbe kwenye ubongo wala damu iliyoganda kwenye mishipa. Ikabaki sindano ya mgongo, ya kupima presha ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na hapo shangazi yake akaapa kuwa mtoto atapooza. Hakupooza. Kwenye sindano waliunga mrija wenye alama za sentimita, maji yakapanda hadi 34. Kwa watoto, yakizidi 28 presha imepanda. Maji yalikuwa safi, bila maambukizi. Vinavyojulikana kuleta presha hii navyo hakuwa navyo: doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) hajatumia, vitamini A ya ziada hajatumia, na mnene siyo. Sababu haikuonekana.

Akaandikiwa asetazolamaidi, ndiyo hiyo Diamox. Inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya kichwa. Muuza duka la dawa alinitazama mara mbili: "Mama, hii si ya wazee wenye presha ya macho?" Ni hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo maduka mengi ya mtaani hayaiweki. Nunueni kabla haijaisha.

Kidonge cha miligramu 250 ni kichungu, uji haufichi kitu. Sisi tunakisaga kati ya vijiko viwili, tunachanganya na asali, anameza haraka, maji juu. Siku za mwanzo alilalamika vidole na midomo vinamchomachoma. Anakojoa sana, kwa hiyo mwambieni mwalimu asimnyime ruhusa. Kwenye sherehe alirudisha soda yake: "Imeharibika hii." Nikaionja, nzima kabisa, dawa ndiyo inayobadilisha ladha ya vinywaji vyenye gesi. Hamu ya kula ilishuka pia. Anapimwa damu kuangalia potasiamu, na tunamhimiza maji kwa sababu dawa hii inaweza kuleta mawe kwenye figo. Mwenye mzio wa salfa amwambie daktari mapema.

Kichwa kiliacha kuuma kabla uvimbe wa ule mshipa wa nyuma ya jicho haujaisha, msidanganyike mkaacha dawa hapo. Kinachoweza kupotea ni macho. Kliniki wanampima uwanja wa kuona: anabonyeza kitufe kila akiona kijitaa. Anapenda kushinda huyu, akawa anabonyeza hata pasipo na taa, wakarudia upya.

Sasa dozi inapunguzwa kidogo kidogo. Ameruhusiwa kucheza netiboli, na miwani ile ya mwanzo hakuihitaji kamwe.